Kidumu cha Panzi

Jumamosi iliyopita tulimzika Bibi Nyanzala hapa Shinyanga, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wake. Ndugu zake waliniletea karatasi asubuhi nikiwa bado nakunywa chai, wakasema, "Mwalimu, wewe una sauti, tusomee." Niliipitia haraka nikiwa nimesimama mlangoni. Alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaishi Ushetu, "kisha akahamia Kambarage kwa binti yake." Akahamia! Damu ilinipanda kichwani. Mtu aliyefukuzwa kijijini na kifurushi kimoja kichwani, watoto wakimzomea nyuma, leo amehamia, kama mtumishi wa serikali aliyepewa barua ya uhamisho. Na bado niliisoma. Nilisimama chini ya turubai, nikavaa miwani, nikalitamka neno hilo kwa sauti ileile ninayotumia kusoma matangazo ya shule, na waombolezaji wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nina hasira na karatasi ile na nina hasira na walioiandika, lakini hasira kubwa kuliko zote nimeibeba mwenyewe zaidi ya miaka ishirini, tangu mwaka niliokuwa nalisha mijusi Geita. Nimeamua kuuandika mwaka huo kabla na mimi sijaanza kuamini kwamba bibi yule alihama.

Chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee Salum kilikuwa na meza ya mizani, benchi refu la wauzaji, na kizimba cha wavu na kioo kilichochukua ukuta mzima wa upande wa dirisha. Mzee Salum alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa Tabora mwenye damu ya Pwani, mpole wa kusema, anayenukia udi hata siku za kazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na aliniajiri kwa sababu moja tu: nilikuwa naweza kusoma Kiingereza. Mijusi wale aliachiwa na mzungu mmoja mtafiti wa miamba ambaye mkataba wake ulikwisha. Walikuwa sita, wale wa kwenye majabali yetu, madume wenye vichwa na mabega mekundu na miili ya bluu, ambao watoto huku kwetu huwarushia mawe wakitoka shule. Pamoja na kizimba, mzungu aliacha karatasi mbili za maelekezo, na Mzee Salum alitaka mtu wa kuzisoma na kuzifuata neno kwa neno. Wenzangu waliposikia nimepata kazi ya kulisha mijusi walicheka hadi wakakaa chini. Kwetu mjusi hufukuzwa kwa ufagio, haandaliwi chakula.

Ambacho mzungu hakukipanga ni kwamba wachimbaji wangewafanya mijusi wale kuwa bahati. Inasemekana mchimbaji mmoja, akisubiri zamu yake kwenye benchi, alimpa panzi yule dume mkubwa kwa vidole vyake, mjusi akampokea, na wiki hiyo shimo lake, duara kama wanavyoliita, likatema mawe mazuri. Habari haina miguu lakini inafika. Nilipoanza kazi, hakuna muuzaji aliyekubali kuweka mzigo wake kwenye mizani kabla hajamlisha mjusi. Jikoni tulikuwa tunawasikia kupitia ukuta, Mama Sabra, mke wa Mzee Salum, akikuna nazi na mimi nikichambua maharage. "Lisha kwanza, wewe," mmoja anasema. "Mwenzio juzi alijifanya mlokole hakulisha, duara limejaa maji." Mwingine anajibu, "Huyu mdogo simtaki, nipe yule mwenye kichwa chekundu." Mama Sabra alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Astaghfirullah, watu wazima hawa." Mzee Salum naye hakuamini hata kidogo, lakini hakukataza. Wanunuzi wengine mtaani walikuwa na mizani tu, yeye alikuwa na mizani na mijusi, na benchi lake lilijaa tangu asubuhi.

Kwa hiyo panzi walikuwa kazi, tena kazi yenye masharti. Zile karatasi nilizitafsiri kwa Kiswahili kwenye daftari na Mzee Salum akanifanya nizisome kwa sauti mbele yake mara mbili. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mjusi. Panzi mkubwa aondolewe miguu ya nyuma, ina miiba. Panzi wa rangirangi anayenuka ukimshika aachwe, ana sumu, na vivyo hivyo viwavi wenye manyoya na vimulimuli. Mende wa ndani ya nyumba wasiguswe, maana nyumba hupuliziwa dawa. Wadudu wote wakae siku mbili kwenye sanduku safi wakila mchicha na boga, ili kilichomo matumboni mwao kiwe kinajulikana. Nyenje watakaobaki mjusi akishashiba waondolewe jioni, wasije wakamtafuna yeye. Usichukue mdudu karibu na shamba lililopigwa dawa. Na sharti la mwisho, ambalo mzungu alilipigia mstari: mdudu aliyekufa au anayetetemeka usimpe, na utafute sababu. Nilikuwa naamka umande haujakauka, wakati panzi bado ni mzito na haruki mbali, nawafagia kwa kipande cha chandarua nilichokishonea kwenye pete ya waya, kule nyuma ya mlima ambako hakuna mtu aliyelima. Msimu wa mvua niliimudu kazi ile vizuri sana. Nilikuwa najiona msomi.

Kisha kiangazi kikaja. Nyasi za Geita ziliungua, vumbi la karasha za kusagia mawe likafunika kila kichaka, na kutwa nzima nilikuwa narudi na panzi watano, wembamba. Nikamkumbuka Kabula. Kabula tulikaa dawati moja hadi darasa la saba, akaolewa Ushetu kwa wakulima wa tumbaku, na wakati huo alikuwa na mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu, Masanja. Kule Ushetu kiangazi ndipo wanapomwagilia vitalu vya miche ya tumbaku mabondeni, na majani mabichi yakiwa sehemu moja tu, panzi wote wa dunia wanajaa hapo. Nikamwandikia barua, nikampa kondakta wa basi la Kahama. Nilimweleza kila kitu kama karatasi zilivyonieleza mimi: asichukue panzi kwenye vitalu wala karibu navyo, vimepigwa dawa, ashuke bondeni mbali. Nilimtumia na kitu cha kununulia sabuni na sukari. Mara ya kwanza aliwaleta kwenye mfuko wa nailoni, wakafa kwa kukosa hewa. Nikamwandikia tena atafute chombo kigumu, mdomo aufunge kwa kitambaa.

Mzigo wa pili ulikuja na barua, na barua ile ninaikumbuka hadi mwandiko wake, herufi kubwa zilizolala upande. "Limi, nakusalimu sana. Panzi hawa nimewatoa mbali, karibu niingie pori la wenyewe. Majirani wananicheka, wanauliza kama siku hizi nachunga panzi. Mama mkwe ndiye kanipa kidumu, unirudishie usisahau, ni chake. Masanja anakusalimu, anasema umletee mjusi." Kidumu kilikuwa cha bluu, cha lita tano, mdomo umefungwa kipande cha kanga na mpira wa baiskeli. Kabula alitii kila neno nililomwandikia kuhusu shamba. Kuhusu chombo nilimwambia kiwe kigumu, basi. Na kwa watu wetu wa tumbaku na pamba, kidumu cha dawa kikisha dawa yake hakitupwi. Kinasuguliwa kwa mchanga na majivu mtoni, kinaanikwa juani, kinaanza maisha mapya. Hakuna anayeona ajabu. Hata mimi sikuona ajabu.

Nilipofungua kile kitambaa, wa juu walikuwa wamekufa. Waliofuata walikuwa wanapiga miguu bila kwenda popote. Nikasema ni joto la basi. Sikuwa nimemaliza kusema hivyo moyoni, Mzee Salum akaita kutoka chumba cha mbele, "Limi! Panzi wako wapi, mama? Watu wanasubiri." Siku tatu mijusi walikuwa hawajalishwa na mtu, na siku ya pili wauzaji wanne waliinuka kwenye benchi wakaenda kwa mnunuzi wa ng'ambo ya barabara, wakaniambia mimi, siyo yeye, kwamba bahati haiji kwa mjusi mwenye njaa. Kwa hiyo nikachagua. Niliwatoa waliokufa, nikawatoa waliolala chali, nikawaacha waliokuwa bado wanaruka. Hata zile siku mbili za kuwakalisha sandukuni sikungoja. Nilibeba bakuli mbele nikiwa natabasamu, na wachimbaji wakapanga mstari, wakawalisha mijusi mmoja mmoja kwa vidole vyao vyeusi, wakicheka na kusukumana kama watoto kwenye bembea.

Kabla ya alasiri dume mkubwa alikuwa ameshuka kutoka kwenye jiwe lake. Alikaa mchangani kinywa wazi, mate yanamtoka, miguu ya mbele inatetemeka vilevile kama ya wale panzi. Jioni walikuwa wamekufa watatu. Mzee Salum hakunigombeza. Alileta kigoda akakaa mbele ya kizimba, kofia mkononi, na ile huruma yake kwa mijusi ndiyo inayoniudhi hadi leo, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Kesho yake akamleta mtaalamu wa mifugo. Yule bwana alivaa glavu, akampasua mmoja juu ya meza ya jikoni, akaangalia, akanusa, akauliza, "Hawa wadudu walitoka shamba gani?" Nikajibu kweli tupu: bondeni, mbali na mashamba. Akauliza kama niliwapa wenye rangi. Nikasema hapana. Aliandika kila jibu. Hakuuliza chombo, na mimi sikumpa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Chombo nilikuwa nimeshakinusa. Jana yake, nikiwakung'uta panzi waliobaki, harufu ilinipiga puani, ile kali yenye utamu mbaya inayobaki mgongoni mwa mtu aliyebeba bomba la dawa kutwa. Kila aliyekulia shambani anaijua. Nikakigeuza kidumu, na upande mmoja palikuwa na karatasi ya nembo iliyokwanguliwa kwa kisu, imebaki nusu ya fuvu na mfupa mmoja. Nilijua hapohapo. Sikuhitaji mtaalamu. Na nilijua pia kwamba Mzee Salum ameniahidi, matokeo yangu yakiwa ya kuridhisha, atanilipia chuo cha ualimu, na kwamba mtu anayeacha panzi wanaotetemeka wapite mbele ya macho yake, baada ya kulisoma sharti lile kwa sauti mara mbili, hastahili kulipiwa chochote. Nikakificha kidumu nyuma ya gunia la mkaa. Siku zikapita mbili, mtaalamu akahitimisha kwamba ni "sumu isiyojulikana ilikotoka", Mzee Salum akasema ni kudra ya Mungu, na ikabaki kazi ya kukirudisha kidumu cha watu.

Sasa nieleze nilichokifanya, maana ndicho kilichokosekana kwenye ule wasifu. Nilichemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga ya Mama Sabra hadi akaniuliza kama nafua mapazia. Nilikiosha kidumu mara tatu. Nikakata malimau mawili nikayatia ndani na maji moto, nikakitikisa, nikakianika juu ya bati siku nzima. Mabaki ya ile karatasi ya fuvu niliyakwangua yote kwa wembe, ili kondakta asiulize, ili Mama Sabra asione. Kilikauka kikinukia kama nguo mpya. Nikanunua ndoo ndogo yenye mfuniko, nikautoboa matundu, nikavituma vyote viwili kwa basi na barua: "Panzi uwaweke kwenye ndoo hii. Usiwaweke tena kwenye kidumu." Nukta. Sikuandika kwa nini. Barua zilikuwa zinasomwa na kila mtu njiani, na mjini Geita neno likitoka mdomoni mwa kondakta linafika kwa Mzee Salum kabla ya gari kugeuza. Niliwatafutia mijusi chombo salama, na kidumu cha sumu nikakiosha vizuri, nikakipeleka kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu. Nilikuwa na akili timamu. Hakuna aliyenilazimisha.

Ndoo moja ya panzi ilikuja, wazima, wanaruka. Ya pili haikuja. Kondakta alinipigia mluzi kutoka mlangoni mwa basi akasema, "Dada, leo panzi hakuna. Kule kwa rafiki yako kuna msiba. Mtoto." Nilipanda gari lililofuata. Nilifika wanawake wamekaa kwenye mikeka, ugali na dagaa unapita kwenye masinia, na Kabula amelazwa ndani, sauti imekauka. Nilikaa pembeni nikala, ndiyo, nilikula, nikiwasikiliza. "Alikuwa mzima anakimbia na kuku," alisema mmoja. "Akanywa maji, akaja kulalia miguu ya mama yake. Mate yanamtoka, jasho, mwili wote unatetemeka. Mboni za macho zimekuwa kama punje ya ulezi." Mwingine akasema zahanati waliambiwa degedege. Wa tatu akashusha sauti, "Degedege gani? Maji aliyokunywa yalikuwa kwenye kidumu cha bibi yake." Wote wakatazama upande wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Bibi Nyanzala alikuwa amekaa huko peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwetu kikongwe mwenye macho hayo huitwa mchawi, lakini wekundu ule ulikuwa wa moshi, miaka na miaka ya kuchochea kuni chini ya majani ya tumbaku, na wote waliokaa pale walijua hivyo, kwa kuwa wengi wao walikuwa na macho ya aina hiyohiyo yanayowangoja uzeeni.

Siku ya kuanua matanga wakafanya kikao, mchana, uwanjani, watu wote wapo. Kidumu kiliwekwa katikati juu ya kigoda kama mshtakiwa. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye fimbo, akauliza ni cha nani. Bibi Nyanzala akasimama. "Ni changu. Lakini mimi hiki sijawahi kutia maji ya kunywa. Ni cha kumwagilia miche. Mkwe wangu alikiomba kikaenda Geita, kikarudi. Mimi siku hiyo nilikuwa banini tangu asubuhi." Mtu mmoja akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, si ndiyo maana tunakuuliza? Chombo chako kinamuua mjukuu wako, wewe uko banini?" Watu wakaguna. Ndipo bibi akageuza shingo, akapekua nyuso za wanawake kwenye mikeka mpaka akanipata. Hakuwa na hasira. Alikuwa na matumaini, na hilo ndilo linalonitesa.

"Mjukuu wangu Limi," akasema, "wewe umesoma, na wewe ndiye uliyekuwa nacho. Huko Geita kilitiwa nini?"

Kila mtu alinitazama. Kabula alikuwa ametoka, ameegemea mlango, naye ananitazama. Niliijua kweli yote, tangu fuvu lile la karatasi hadi mboni za macho ya mtoto. Ilikuwa sentensi moja tu: kidumu hiki ni cha dawa, mijusi watatu wamekufa kwa ajili yake, na mimi nilijua. Nikafikiria chuo. Nikafikiria pia kwamba nikisema watanigeukia mimi, mgeni, na fimbo zipo.

"Panzi tu, bibi," nikasema.

Mwenyekiti akagonga fimbo chini. "Mmesikia. Panzi tu. Panzi anaua mtu?" Watu wengine walicheka, msibani. Kabla jua halijapinda walikuwa wamempa bibi nafasi ya kukusanya nguo zake, na mwanawe, yaani mume wa Kabula, alisimama kando akichimba ardhi kwa kidole cha mguu. Wakajisifu kwamba wamemfanyia wema, kwamba kwingine angekatwa mapanga. Alipita mbele yangu na kifurushi chake kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," na yeye akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," akaendelea.

Niliporudi Geita nilikuta mijusi wapya watatu kizimbani. Vijana walikuwa wamewakamata majabalini kwa siku moja. Mzee Salum alifurahi, akanionyesha dume mmoja mwenye kichwa chekundu kuliko wa kwanza. Nilisimama pale nikiwatazama na nikahisi nataka kukipiga kizimba teke kiangukie barabarani. Mjusi alipokufa aliletewa mtu wa kumpasua, aliyeuliza shamba, rangi ya mdudu, saa ya kulishwa, akaandika majibu yote. Masanja hakuuliziwa hata swali moja. Walimtafutia mchawi wakampata palepale nyumbani, bibi yake, anachochea kuni. Na hao waliotuuzia dawa miaka nenda rudi, wakatuletea maonyo kwa Kiingereza nyuma ya kidumu, wakulima ambao wengi hata Kiswahili wanakisoma kwa kidole, hawakumfukuza mtu na hawakufukuzwa. Lakini siwezi kujificha nyuma yao. Mimi Kiingereza nilikisoma. Nililipwa kwa kukisoma.

Matokeo yalikuja, yalikuwa mazuri, na Mzee Salum, Mungu amrehemu, alitimiza ahadi. Cheti changu cha ualimu kinaning'inia sebuleni na watu wanakisifu. Nafundisha sayansi. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu kutoboa vidumu vya dawa kwa msumari na kuvifukia, na wazazi wao wananiita Mwalimu Vidumu kwa utani. Niliomba nipangiwe Shinyanga mjini, nikapanga nyumba Kambarage, mtaa uleule alioishi Bibi Nyanzala kwa binti yake, na kila mwezi nilimpelekea ugoro na sukari. Alipokea kwa mikono miwili. Hakuniuliza tena lile swali, na mimi nilijidanganya kwamba ugoro ni jibu. Alikufa watoto wa mtaa bado wanakimbia akitoka nje kuota jua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilidhani wanazungumzia maradhi.

Baada ya mazishi niliwakuta wanawake nyuma ya nyumba wakiosha masufuria. Kabula alikuwa kati yao, amekuja kutoka Ushetu kumzika mama mkwe wake. Amezaa wengine wanne, lakini bado anaitwa Mama Masanja, kama mimi ninavyoitwa Mama Neema kwa jina la binti yangu. Wenzake walipoondoka na vyombo tukabaki wawili. Alikuwa anakwangua ukoko, akasema bila kuinua uso, "Mungu ampumzishe. Mimi nilishamsamehe siku nyingi."

Hapo ndipo nilipopasuka. "Umsamehe nini, Mama Masanja? Umsamehe nini?" Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama: harufu, karatasi ya fuvu, mijusi watatu, gunia la mkaa, malimau. Nilimwambia nilijua siku ya kikao. Nilingoja anirushie lile sufuria. Aliendelea kukwangua mpaka nikamaliza.

"Kilirudi kinanukia sabuni," akasema. "Mama alikuwa haruhusu kitiwe maji ya kunywa, kila siku anasema hiki ni cha miche. Mimi nikakinusa, nikasema, Limi kakiosha, Limi amesoma, angekuwa na wasiwasi angeniandikia. Nikakijaza maji nikakiweka kivulini. Masanja akasema maji yananukia pipi."

"Kabula."

"Yaliyobaki niliyamwaga. Kuku wawili wakayanywa, wakafa. Niliwafukia kabla watu hawajaja." Akainua uso, na macho yake nayo siku hizi ni mekundu, ya moshi. "Kwa hiyo usiniambie kama mtu anayenipa habari. Wewe ulijua kabla, mimi nilijua siku ile. Sasa ukiwaambia watu, nani amemuua mwanangu? Wewe uliosha. Mimi ndiye niliyemimina, nikamshikia kikombe. Mama amekufa, haumwi tena na kitu. Mama Neema, nakuomba, niachie mchawi wangu."

Wanawake walirudi na ndoo ya maji, akainama akaendelea na sufuria lake. Jioni alipanda gari la Kahama. Wiki nzima nimelifikiria ombi lake, kwa kuwa ni haki yake kuomba, na kwa kuwa mimi ndiye nisiye na haki ya kumkatalia mtu jambo lolote katika habari hii. Lakini uwanjani siku ile kuna mtu mwingine aliyeniomba, mbele ya kijiji kizima, na nikamjibu panzi. Bibi Nyanzala hakumloga mtoto. Alifukuzwa Ushetu bila kosa, akaishi Kambarage na jina la mchawi, akafa nalo, wakati wanawake wawili walioijua kweli wakimwamkia shikamoo. Kabula akiyasoma haya hatanisalimu tena, najua. Chochote kingine atakachotaka kwangu nitampa, ila mchawi wa kumwachia hakuna.